Joginder Singh: Kalasinga wa Kericho aliyeshinda Safari kwa gari la mkono wa pili

UKIIACHA barabara kuu ya Nairobi–Mombasa pale Salama na kuanza kupanda kuelekea Nunguni, gari lako litakufichulia umri wake kabla hujafika sokoni. Milima ya Kilungu inapendeza macho, na mashamba yake ya matuta yamepangwa mfano wa ngazi, lakini haina simile kwa injini iliyochoka. Wakati wa kupanda maji huchemka, na wakati wa kushuka breki hunuka. Ndiyo maana kwa miaka mingi wenyeji wa huku wameyaamini magari ya aina chache tu: Pijo, Land Rover na, siku hizi, pikapu na Probox kutoka Japani.

Kwa hivyo nilistaajabu nilipokutana Nunguni na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa amedhamiria kununua Datsun 1600 SSS ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Hakulitaka gari hilo la spoti kwa ajili ya kuliegesha uani na kulipiga picha siku za sherehe. Alitaka limpeleke kazini kila asubuhi, limbebee gunia la mahindi inapobidi na kumteremsha hadi Emali mwishoni mwa juma. Wazee waliokuwa wakinywa chai kibandani walimcheka waziwazi. Walimtajia vipuri visivyopatikana, kutu isiyoonekana, na mafundi wa sasa ambao wamezoea kutibu gari kwa kompyuta. Kisha mmoja wao, ambaye hadi wakati huo alikuwa kimya, akataja jina la mtu mmoja tu: Joginder. Kicheko kikakatika.

Vijana waliokuwapo hawakulijua jina hilo, na si ajabu. Joginder Singh alikoma kushiriki mbio za Safari mwaka wa 1980, na akafariki dunia mwaka wa 2013. Lakini kwa mtu anayetaka kutia pesa zake katika gari kuukuu lenye mbio, sijui kama kuna maisha ya Mkenya yanayofaa kuangaliwa kuliko yake. Ushindi uliompa jina aliupata mwaka wa 1965 katika gari lililokwisha kutumiwa na wengine, tena la muundo ambao kiwanda chenyewe kilikuwa mbioni kuuzika.

Joginder alizaliwa Februari 9, 1932 mjini Kericho, katika nchi ya majani chai. Baba yake, Sardar Battan Singh, alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab katika miaka ya ishirini. Jamii ya Singasinga ilikuwa tayari na mizizi hapa nchini, kwani wengi waliletwa na ujenzi wa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wakiwa mafundi wa chuma, maseremala na waashi. Wakazi wa Makueni hawahitaji kwenda mbali kuiona alama yao. Hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926 kando ya reli, hadi leo humkaribisha msafiri wa dini yoyote ile na kumpa chakula bila kumdai senti.

Jina la Kalasinga, ambalo Wakenya wamelizoea kiasi cha kusahau lilikotoka, linatokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za mji wa Nairobi. Baadaye likawa jina la kila mwanamume mwenye kilemba, na katika vinywa vya watu wengi likawa karibu na maana ya fundi. Kijana Joginder alilistahili kwa maana zote mbili. Baba yake alikuwa na gereji, na humo ndimo mtoto alimojifunzia kazi akiwa mshika spana, akitumwa hiki na kile, akiosha vyuma kwa petroli, akifungua injini ili azione zilivyo ndani na kuzifunga tena akiwa anajua kila kitu kilitoka wapi. Alikuwa kifungua mimba katika familia kubwa, na kaka kama huyo hapati nafasi ya kucheza sana.

Kabla ya kujulikana kwa mbio, alifanya kazi ambayo naiona ndiyo iliyomtengeneza kuliko nyingine zote. Chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri awe mtu wake wa kwanza wa doria, yaani fundi wa kuzunguka barabarani kuwanusuru wanachama waliokwama. Hebu fikiria kazi hiyo katika miaka ya hamsini. Lami ilikuwa haba, na penye udongo mweusi mvua moja ilitosha kulimeza gari hadi kwenye ekseli. Mtu amesimama jangwani na familia yake, boneti iko wazi, moshi unatoka. Fundi anafika na sanduku la spana, waya, mipira michache na akili yake. Hana duka la vipuri karibu, na hana wa kumwuliza. Lazima ajue ugonjwa kwa kusikiliza, kwa kunusa na kwa kugusa, kisha atafute njia ya kulifikisha gari nyumbani.

Kazi hiyo ilimfunza Joginder mahali ambapo kila aina ya gari huvunjika. Wenzake wengi katika mbio walijua jinsi gari linavyokwenda likiwa zima. Yeye alijua jinsi linavyokufa.

Alianza mashindano mwaka wa 1958, na mwaka uliofuata akaingia Safari kwa mara ya kwanza akiwa na Volkswagen. Mbio hizo zilikuwa bado changa. Zilianzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na zikawa zikifanyika wakati wa Pasaka, msimu ambao masika huweza kushuka bila hodi. Jambo moja la kukumbukwa ni kwamba hapo mwanzo magari yaligawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake dukani. Nia ilikuwa kuona ni gari lipi la kawaida, analoweza kununua mtu wa kawaida mwenye uwezo wake, litakalostahimili barabara zetu. Kwa maneno mengine, Safari ilizaliwa kama mtihani wa gari la kila siku. Mambo ya magari maalumu ya mamilioni yalikuja baadaye.

Mwaka wa 1963 mtihani huo ulikuwa mkali kupita kiasi. Magari 84 yaliondoka Nairobi, na yaliyorudi yakiwa mazima yalikuwa saba tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff katika Peugeot 404, ushindi ambao bila shaka ulisaidia kuifanya Pijo kuwa kipenzi cha wasafiri wa Ukambani na kwingineko. Miongoni mwa hao saba walikuwamo ndugu wawili, Joginder na Jaswant Singh, katika Fiat 2300. Watu wakaanza kuuliza huyu Kalasinga ni nani.

Sasa tufike kwenye lile gari.

Volvo PV544 haikuwa na sura ya kutisha mtu. Ilikuwa na mgongo wa mviringo na milango miwili, ikifanana zaidi na magari ya Marekani ya wakati wa vita. Sababu ni kwamba muundo wake ulikuwa wa wakati wa vita kweli. Gari mama, PV444, lilionyeshwa kwa umma mjini Stockholm mwaka wa 1944 na kuanza kuundwa mwaka wa 1947. Mwaka wa 1958 kioo cha mbele kilichokuwa vipande viwili kikafanywa kimoja, ndani kukapanuliwa kidogo, na jina likawa PV544. Ni katika gari la aina hiyo, mwezi Agosti 1959, ambapo Volvo ilianza kumuuzia mteja gari lenye mikanda ya usalama ya ncha tatu, ile ambayo leo kila abiria wa matatu anatakiwa kuifunga. Lakini kwa sura lilikuwa gari la kizamani, na hata Volvo wenyewe tangu 1956 walikuwa na Amazon, gari jipya na maridadi zaidi.

Hata hivyo, chini ya boneti hiyo ya kizee hapakuwa na mzee. Toleo la spoti lilipewa injini ya B18 yenye lita 1.8 na kabureta mbili, injini iliyosifika kwa kutovunjika haraka. Bodi yake ilikuwa ya chuma kinene. Katika baridi ya kaskazini mwa Ulaya, gari hilo lilikuwa limekwisha kuwaaibisha vijana wa kisasa. Tom Trana wa Uswidi alishinda nalo mbio za RAC za Uingereza mwaka wa 1963, akarudia mwaka wa 1964.

Volvo ilileta timu yake ya kiwanda katika Safari ya 1964 ikitarajia makuu, na Trana akiwa miongoni mwa madereva. Matarajio hayo hayakutimia. Mshindi wa mwaka huo alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina GT, na Waswidi wakaondoka mikono mitupu. Moja kati ya magari waliyokuja nayo likaishia mikononi mwa Joginder na Jaswant.

Mtu aliyeliona wakati huo angekuwa na haki ya kutikisa kichwa. Lilikuwa limekwisha kupitishwa katika Safari moja, na kila anayejua mbio hizo anafahamu kwamba Safari moja hulizeesha gari kuliko miaka kadhaa ya kwenda kazini. Lilikuwa limeshindwa mikononi mwa mabingwa waliolielewa. Muundo wake ulikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Halikuwa tena na kiwanda nyuma yake, wala ndege ya kuleta vipuri, wala kikosi cha mafundi waliovaa sare. Lilikuwa na ndugu wawili na gereji yao.

Lakini ni hapo ndipo elimu ya doria ilipofanya kazi yake. Gari lililokwisha kupita katika taabu lina faida moja ambayo jipya halina: limekwisha kuonyesha udhaifu wake. Panapopasuka pamepasuka, panapolegea pamelegea, na fundi mwenye macho anaweza kuusoma mwili huo kama daktari anavyosoma makovu. Kwa fundi wa namna hiyo, gari la mkono wa pili linakuwa na siri chache kuliko lililotoka dukani jana. Ndugu hao walilitengeneza wenyewe, na walipofika kwenye jukwaa la kuanzia walikuwa wakiufahamu kila msumari wake.

Pasaka ya 1965 waliondoka wa kwanza. Nafasi hiyo ni neema na pia ni mzigo. Anayetangulia hali vumbi la mtu, na mvua ikinyesha huzipata barabara kabla hazijachimbwa na magurudumu ya wengine, lakini hana nyayo za kufuata wala taa za mbele za kumwonya kwamba daraja limekwenda na maji. Joginder alikuwa dereva wa subira. Hakuwa mtu wa kulipiga gari ili awafurahishe waliosimama kando ya njia. Alikwenda kwa kasi ambayo alijua gari lingeistahimili hadi mwisho, na alijua kwa sababu alikuwa ameifunga mwenyewe. Barabara ikawameza washindani mmoja mmoja, naye akawa anazidi kwenda mbele. Waliporudi Nairobi walikuwa wamemwacha wa pili kwa dakika mia moja hivi. Katika mbio za leo, ambapo washindi hutenganishwa kwa sekunde, pengo kama hilo linasikika kama ngano.

Uzito wa ushindi huo hauwezi kupimwa kwa dakika peke yake. Kenya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tangu kupata uhuru. Safari ilikuwa imeanzishwa na walowezi, na hadi Pasaka hiyo kombe lake halikuwahi kutoka mikononi mwa Wazungu. Sasa lilikuwa limechukuliwa na wana wawili wa fundi wa Kericho, wenye vilemba vichwani, katika gari ambalo Wazungu walikuwa wameshindwa nalo. Waingereza wakambatiza jina la Kalasinga anayepaa. Hapa nyumbani akaitwa Simba wa Kenya, jina ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, kwani linasema ni wa wapi.

Nalo gari lenyewe? Oktoba mwaka huohuo kiwanda kiliunda PV544 ya mwisho na kuufunga ukurasa. Ushindi mkubwa kuliko yote wa gari hilo barani Afrika ulikuja likiwa limebakiza miezi michache tu ya kuundwa.

Swali la mtu kuwa wa wapi halikumwachia Joginder, wala halikumwachia Mhindi yeyote wa Kenya wa miaka hiyo. Mwaka wa 1967 zilipitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ambazo ziliwabana wasiokuwa raia. Wengi wa Wahindi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Mwanzoni mwa 1968 iliponong'onwa kwamba Uingereza nayo ingefunga mlango, maelfu walikimbilia uwanja wa ndege wa Nairobi, na mwezi Machi mlango ukafungwa kweli kwa sheria mpya. Maduka yalibaki tupu, marafiki wakaagana bila kujua kama wangeonana tena. Majuma machache baadaye, Pasaka ya 1968, Joginder alikuwa kwenye matope ya Afrika Mashariki katika Datsun Cedric. Mvua ilikuwa ya kutisha. Kwa mara ya pili katika historia, magari yaliyomaliza yalikuwa saba, na kwa mara ya pili Joginder akawa mmoja wao. Nowicki na Peugeot yake walishinda tena.

Wanahistoria wa michezo hupenda kuhesabu makombe. Mimi navutiwa zaidi na hesabu nyingine. Joginder alishiriki Safari 22, kuanzia 1959 hadi 1980 bila kuruka hata moja, na akamaliza 19. Katika mbio ambazo kumaliza tu kulikuwa sababu ya kujigamba maisha yote, hesabu hiyo haina maelezo ya bahati. Ni mazao ya mtu aliyekataa kulidai gari zaidi ya uwezo wake.

Mwaka wa 1970 alishika nafasi ya pili akiendesha Datsun 1600 SSS, gari la aina ileile anayoitamani mwalimu wetu wa Nunguni. Mshindi, Edgar Herrmann, naye alikuwa katika Datsun ya aina hiyo. Kwa hiyo mzee wa kibandani alipolitaja jina la Joginder hakuwa anaropoka. Injini ya lita 1.6 yenye kabureta mbili, magurudumu ya nyuma yanayojitegemea kila moja kwenye springi yake, bodi nyepesi: kwa barabara ya mashimo na kona, Wajapani walikuwa wameunda kitu cha maana.

Mwaka wa 1974 Joginder akiwa na umri wa miaka 42 alijitosa na gari dogo ambalo watu wengi hawakulitilia maanani, Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Mwelekezi wake alikuwa David Doig. Mpinzani mkubwa alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi katika Porsche 911, gari ambalo bei na sifa zake zilikuwa za daraja jingine kabisa. Mvua ilinyesha, mito ikafurika, na Lancer ikashinda. Porsche ikawa ya pili. Mitsubishi, ambayo hadi wakati huo haikuwa na jina kubwa katika mbio za dunia, ilipata sifa ambayo ilikula matunda yake kwa miongo kadhaa.

Miaka miwili baadaye, 1976, Joginder na Doig walirudia. Safari hii Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu. Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, Mkenya mwingine wa asili ya Kiasia, aliivuka rekodi hiyo baadaye kwa kufikisha ushindi wa tano mwaka wa 1982, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na mtu wa Kericho.

Baada ya Safari ya 1980 aliweka usukani wa mbio chini. Hakuwa mtu wa makelele akiwa mshindani, na hakuwa mtu wa makelele alipostaafu. Alifariki Oktoba 20, 2013 jijini London akiwa na umri wa miaka 81. Wakenya wa rika langu, ambao utotoni tulikuwa tukisukuma magari ya waya na kila mmoja wetu akijiita Joginder, tulisikia kana kwamba kuna barabara imefungwa.

Kulikuwa na nyongeza moja kwenye hadithi yake ambayo aliishi kuiona. Mwaka wa 2003, Safari ilipotimiza miaka hamsini, zilianzishwa mbio za Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani tu. Mwaka wa 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård, katika Porsche 911 ya kizamani. Gari la aina iliyoshindwa na Lancer ya Joginder mwaka wa 1974 lilikuwa limelipiza kisasi baada ya miaka 37, likiwa sasa zee, na dereva wake naye mzee. Waldegård alimfuata Joginder kaburini mwaka wa 2014.

Nilimsimulia mwalimu wa Nunguni haya yote, wazee wakisikiliza. Nilimweleza pia yale ambayo mashabiki wa magari ya zamani hawapendi kuyasema. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Datsun ya aina hiyo haiagizwi Japani kama Probox, bali hutafutwa humuhumu nchini, na zilizobaki zimepita mikono mingi. Kutu hujificha chini ya rangi mpya, hasa chini ya mazulia, ndani ya matao ya magurudumu na pale springi inaposhikana na bodi. Mipira yote ya umri huo, ya breki, ya maji na ya petroli, ichukuliwe kuwa imekufa hata kama inaonekana hai. Petroli yenye madini ya risasi, ambayo injini nyingi za zamani ziliundwa kwa ajili yake, iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006, na si kila fundi anakumbuka kuuliza kama valvu zimeshughulikiwa. Breki zilizotosha barabara za 1970 zitajaribiwa vikali kwenye mteremko wa kurudi Salama, nyuma ya lori, mvua ikinyesha.

Isitoshe, nilimwambia, Joginder hakulipata Volvo lile na kulipeleka mbioni kesho yake. Pesa za kununua zilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Sehemu kubwa ilikuwa ni saa alizolala chini yake. Asiyekuwa na saa hizo atalazimika kuzinunua kwa fundi, na fundi anayejua kurekebisha kabureta mbili ili zipumue pamoja si wa kuokotwa njiani. Kuna mzee mmoja Machakos aliyekuwa akifanya kazi hiyo kwa kusikiliza tu kupitia mpira mwembamba aliouweka sikioni. Wanafunzi wake hawajai mkono.

Mwalimu alinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyowasikiliza wakubwa wao wakiwa wamekwisha kuamua. Alichouliza ni kimoja tu: Joginder alianza kuliangalia gari kutoka wapi, mbele au nyuma? Nilikiri kwamba sijui. Mzee aliyekuwa ametaja jina hilo akajibu kwa niaba yangu kwamba fundi wa zamani alianzia chini.

Jumamosi iliyofuata nilipata habari kwamba mwalimu alirudi kwa mwenye Datsun bila kubeba pesa. Alikuwa amebeba tochi, bisibisi ya kugongagonga chuma, na gunia la kulalia.